Mwongozo kamili: kuitenga mialiko ya kalenda isizifunike barua za wageni

Ofisi nyingi za Unguja na Pemba huendesha shughuli zake zote kwa anwani moja ya barua pepe. Hoteli ya Paje ina anwani ya maulizo, ofisi ya mradi Chake Chake ina anwani ya mratibu, na chama cha wakulima wa mwani kina anwani iliyofunguliwa na kijana mmoja, sasa inatumiwa na kila mwenye nywila. Humo humo huingia barua ya mgeni anayeulizia vyumba, ankara ya msambazaji, na rundo la mialiko ya vikao vya Zoom, Teams na Google Meet. Kila mwaliko unazaa barua nyingine: huyu amekubali, yule amekataa, kikao kimesogezwa, kikao kimefutwa.

Jumatatu asubuhi inboksi ya mapokezi inakaa hivi:

```
Accepted: Weekly sales call
Accepted: Weekly sales call
Zugesagt: Weekly sales call
Updated invitation: Site visit Nungwi
Vyumba viwili, watu wazima wanne, Agosti
Accepted: Weekly sales call
Accettato: Weekly sales call
```

Barua yenye pesa ni ya tano, na ndiyo itakayojibiwa mwisho. Mgeni wa Agosti hasubiri, ameshaandikia hoteli nyingine tatu za ufukwe ule ule.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuifanya barua pepe iitenge mialiko yenyewe, iwe unatumia Gmail, Outlook au barua pepe ya tovuti ya ofisi. Lengo ni kuitenga, si kuitupa, na tofauti hiyo naomba uishike tangu sasa. Wachambuaji wa karafuu wa Pemba hutenga karafuu na makonyo, lakini makonyo nayo hayatupwi, hupelekwa kukamuliwa mafuta. Mialiko nayo ichambuliwe vivyo hivyo: kila aina iende mahali pake, na isipotee hata mmoja.

## Mwaliko ni faili ndani ya barua

Watu wengi huanza kwa kuchuja neno la kichwa cha habari, kama vile "Invitation". Njia hiyo huvuja haraka, na hapa kwetu huvuja zaidi kuliko kwengine, kwa sababu mawakala wetu wanaandika kutoka Italia, Ujerumani, Ufaransa na Poland, na programu zao huandika kichwa kwa lugha zao. "Accepted" ya Mwingereza ni "Zugesagt" kwa Mjerumani na "Accettato" kwa Mtaliano. Ukichuja neno moja la Kiingereza umekamata nusu ya samaki.

Kisichobadilika ni faili lililomo ndani. Mwaliko wa kalenda, utoke Google, Microsoft au Apple, hubeba maandishi ya mfumo uitwao iCalendar, ambao umeelezwa katika waraka wa kiufundi RFC 5545 wa mwaka 2009. Faili lenyewe huishia na herufi .ics, na mara nyingi utaliona limeitwa invite.ics. Ndani ya barua sehemu hiyo hutangazwa kwa maneno `text/calendar`.

Lifungue faili kama hilo kwa programu ya maandishi ya kawaida, utakuta kitu cha namna hii:

```
BEGIN:VCALENDAR
METHOD:REQUEST
BEGIN:VEVENT
SEQUENCE:0
DTSTART:20260413T070000Z
DTEND:20260413T080000Z
SUMMARY:Kikao cha bei za msimu
LOCATION:Paje
END:VEVENT
END:VCALENDAR
```

(Nimepunguza mistari ili isomeke.)

Mstari wa METHOD ndio unaoamua kila kitu. REQUEST ni mwaliko mpya au mwaliko uliobadilishwa. REPLY ni jibu la mwalikwa: amekubali, amekataa, au bado hana uhakika. CANCEL ni kikao kilichofutwa. PUBLISH ni tarehe iliyotolewa tu bila kudai jibu, kama ile inayoambatana na baadhi ya tiketi. Mwaliko ukibadilishwa, namba ya SEQUENCE hupanda, na UID, ambayo ni kitambulisho cha kikao, hubaki ile ile. Kwa viwili hivyo kalenda hujua kwamba barua ya leo inahusu kikao cha wiki iliyopita.

Tazama pia DTSTART. Herufi Z mwishoni inasema saa hiyo ni ya dunia, UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 070000Z ni 10:00 kwenye simu, yaani saa 4 asubuhi kwa hesabu yetu. Nitairudia habari ya saa baadaye, kwa sababu inaumiza watu hata wenye vichujio vizuri.

## Kabla ya kichujio: hakikisha kalenda inapokea

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kubwa kuliko zote zinazofuata. Ukiuondoa mwaliko kwenye inboksi kabla ya kuhakikisha kwamba kalenda yako inaupokea, kikao hakitaonekana popote. Barua imefichwa, kalenda iko tupu, na mkutano unaendelea bila wewe.

Kwenye Google, fungua Google Calendar kwa kompyuta, bonyeza alama ya gia, ingia kwenye mipangilio, kisha nenda sehemu ya mipangilio ya matukio. Hapo pana swali la lini mialiko iongezwe kwenye kalenda yako, lenye majibu matatu:

- kutoka kwa kila mtu;
- pale tu mtumaji anapojulikana;
- pale tu utakapojibu mwaliko ndani ya barua pepe.

Jibu la tatu halifai kabisa kwa anayetaka kuchuja, kwa sababu linategemea barua unayokusudia kuiondoa machoni. La kwanza linaacha mlango wazi kwa matapeli. Kwa ofisi ya utalii au ya mradi napendekeza la pili. Mtumaji anayejulikana ni mtu wa ofisi yako, aliyemo kwenye orodha yako ya mawasiliano, au uliyewahi kuandikiana naye. Kwa hiyo mawakala wote muhimu waingizwe kwenye orodha ya mawasiliano leo hii, kabla hujaendelea.

Ukiwa hapo hapo, kagua majira ya kalenda. Yawe ya Afrika Mashariki, GMT+03:00. Kwenye orodha hutaona Zanzibar. Chagua Dar es Salaam au Nairobi, saa ni ile ile.

Kisha shuka kwenye orodha ya kalenda zako, chagua yako, na utafute sehemu ya arifa nyengine. Kuna mistari ya matukio mapya, yaliyobadilishwa, yaliyofutwa, na majibu ya waalikwa, na kila mmoja unaweza kuwekwa utume barua pepe au usitume. Mstari wa majibu ya waalikwa, uzime. Hatua hiyo peke yake huondoa barua nyingi za "Accepted" zinazotokana na vikao ulivyoitisha wewe, na hakuna unachokosa: ukifungua kikao ndani ya kalenda utaona nani amekubali na nani amekataa. Mstari wa yaliyofutwa usiuguse.

Kwenye Outlook inayotumia akaunti ya ofisi ya Microsoft, seva kwa kawaida huuweka mwaliko kwenye kalenda yenyewe, ukiwa na alama ya kusubiri jibu, hata barua ikihamishiwa folda nyengine. Hata hivyo jaribu kwanza kwa mwaliko mmoja ujionee.

## Gmail, hatua kwa hatua

Kichujio hakitengenezwi ndani ya programu ya Gmail ya simu. Inabidi uwe na kompyuta. Kama ofisi haina, fungua Gmail kwa Chrome ya simu na uchague kuonyesha tovuti kama ya kompyuta. Maandishi yatakuwa madogo na utahitaji subira, lakini inawezekana. Ukishamaliza, vichujio hufanya kazi kwenye seva, kwa hiyo simu ya kila mtu inayotumia akaunti ile itafaidika.

Tutatengeneza vichujio vitatu. Jambo la kujua ni kwamba Gmail haina utaratibu wa kichujio hiki kwanza na kile baadaye. Barua ikilingana na vichujio viwili, vyote viwili vitaifanyia kazi. Ndiyo maana kila kichujio hapa chini kimeandikwa kisigongane na mwenzake.

Anza kwa kujaribu. Kwenye sehemu ya kutafutia barua andika:

```
filename:ics
```

Bonyeza utafute. Zinazotokea ni barua zote zenye faili la kalenda. Zipitie polepole. Karibu zote zitakuwa mialiko na majibu, lakini tafuta zile zisizo mialiko, hasa tiketi na uthibitisho wa safari, ambazo baadhi ya kampuni huziambatanisha na faili la kalenda. Ziandike kando anwani za watumaji hao, tutawatoa.

Kichujio cha kwanza, mialiko mipya. Bonyeza alama ya chaguo zaidi iliyo pembeni ya sehemu ya kutafutia. Kwenye kisanduku kilichoandikwa "Has the words" weka mstari huu wote:

```
filename:ics -subject:(accepted OR declined OR tentative OR tentatively OR accettato OR zugesagt OR canceled OR cancelled OR updated)
```

Alama ya kutoa iliyo mbele ya subject inasema: chukua barua zenye faili la kalenda, isipokuwa hizi. Neno OR liwe kwa herufi kubwa, la sivyo Gmail italihesabu kama neno la kawaida. Ukitaka kumtoa mtumaji wa tiketi, ongeza mwishoni `-from:` ikifuatiwa na anwani yake, bila nafasi katikati. Kisha bonyeza "Create filter" na utie alama kwenye mambo matatu: barua iruke inboksi, iwekewe lebo (tengeneza lebo mpya uiite Mialiko), na isiwahi kupelekwa kwenye barua taka. Usitie alama ya kuifanya barua ionekane imesomwa. Namba ya barua ambazo hazijasomwa pembeni ya lebo ndiyo itakayokukumbusha kwenda kujibu.

Kichujio cha pili, majibu. Rudia hatua zile zile kwa mstari huu:

```
filename:ics subject:(accepted OR declined OR tentative OR tentatively OR accettato OR zugesagt)
```

Hapa ruka inboksi, weka lebo ya Majibu, na ukipenda zihesabiwe zimesomwa. Lugha za mawakala wako unazijua wewe, kwa hiyo ongeza maneno yao kwenye mabano. Lakini kila neno unaloliongeza hapa liongeze pia kwenye mabano ya kichujio cha kwanza, la sivyo barua moja itapata lebo mbili. Kama utasahau neno, hasara ni ndogo: jibu litaangukia kwenye Mialiko, nje ya inboksi vile vile.

Usichague kufuta. Watu hujibu mwaliko na kuongeza maneno, "nitachelewa nusu saa" au "nimepata dharura, atakuja mwenzangu", na maneno hayo yamo ndani ya barua ile ile ya jibu.

Kichujio cha tatu, yaliyofutwa na yaliyobadilishwa.

```
filename:ics subject:(canceled OR cancelled OR updated)
```

Hiki hakiruki inboksi. Kinaweka nyota na lebo ya rangi nyekundu, basi. Wako watakaosema nacho kingefichwa, maana kalenda hujirekebisha yenyewe. Mimi sikubali. Mtu wa Unguja mwenye kikao Chake Chake huondoka na boti kutoka bandari ya Malindi hadi Mkoani, kisha anatafuta gari. Kikao kikifutwa jioni ya kuamkia safari, kujirekebisha kimya kimya kwa kalenda hakutamsaidia, ataijua habari akiwa kisiwa cha pili na nauli imeshalipwa. Kichujio hiki ongezea maneno ya kufuta na kubadilisha ya kila lugha unayopokea, na maneno hayo yaongeze pia kwenye mabano ya kichujio cha kwanza, yenye alama ya kutoa.

Mwisho, kwenye kila kichujio kuna chaguo la kukitumia pia kwa barua zilizokwishafika. Litie alama kwa vichujio viwili vya kwanza tu, inboksi itapungua hapo hapo. Usilitie kwa cha tatu, utajikuta na nyota kwenye vikao vya miaka iliyopita.

Barua iliyoruka inboksi haitoi mlio kwenye simu. Kama unataka mialiko ya mtu fulani, tuseme mkurugenzi, iendelee kulia, mtoe kwenye kichujio cha kwanza kwa `-from:`. Kwenye Android pia unaweza kuingia mipangilio ya Gmail, uchague akaunti, usimamizi wa lebo, kisha uwashe arifa za lebo ya Mialiko peke yake.

## Outlook

Outlook inafahamu mwaliko ni nini bila kuelekezwa jina la faili, kwa hiyo kazi ni fupi.

Kwenye Outlook ya zamani ya kompyuta, fungua usimamizi wa kanuni, tengeneza kanuni mpya inayoanza na barua zinazoingia, na kwenye orodha ndefu ya masharti tafuta mstari "which is a meeting invitation or update". Kitendo chake ni kuhamishia kwenye folda ya Mialiko. Kwenye Outlook ya kivinjari, ingia mipangilio, barua, kanuni, ongeza kanuni, na kwenye masharti chagua aina ya ujumbe kuwa mwaliko wa mkutano.

Sharti hilo la Outlook ya zamani linachukua mialiko mipya pamoja na mabadiliko. Kama unataka mabadiliko yabaki mbele ya macho, tanguliza kanuni nyengine yenye neno la kichwa cha habari na uimalizie kwa amri ya kutoendelea na kanuni zinazofuata. Outlook, tofauti na Gmail, huzisoma kanuni kwa mpangilio kutoka juu.

Kwa majibu, usihangaike na kanuni. Nenda "File", "Options", "Mail", shuka hadi sehemu ya "Tracking", na utie alama mstari unaosema programu isasishe orodha ya waliokubali kisha ifute majibu yasiyo na maoni. Ndilo chaguo zuri zaidi nililowahi kuliona kwa jambo hili kwenye programu yoyote: anayejibu kwa kubonyeza kitufe tu haonekani, aliyeandika neno anaonekana.

## Barua pepe ya tovuti ya ofisi

Hoteli nyingi ndogo, skuli na jumuiya zina anwani iliyokuja pamoja na tovuti, na huisoma kupitia cPanel, yaani paneli ya kusimamia tovuti. Hapo pana sehemu ya vichujio vya barua, lakini ina udhaifu. Chini yake kuna programu ya Exim, inayopokea na kugawa barua, na sharti la kutafuta neno ndani ya mwili wa barua huangalia sehemu ya mwanzo tu ya mwili huo. Faili la kalenda hukaa chini, baada ya maandishi na mapambo, kwa hiyo kutafuta `text/calendar` kwenye mwili kutakamata mialiko mifupi na kuikosa mirefu.

Kinachofanya kazi vizuri hapo ni mistari ya kichwa cha barua, yaani mistari ya kiufundi inayoitangulia barua, si kichwa cha habari peke yake. Mialiko inayotumwa na Google Calendar hubeba jina la mtumaji wa kiufundi calendar-notification@google.com hata pale jina unaloliona ni la wakala wako. Weka sharti la kichwa chochote chenye maneno hayo, na kitendo cha kupeleka kwenye folda. Kwa inayotoka Outlook tumia maneno ya kichwa cha habari, ukikubali kwamba machache yatapenya.

Kama mwenye seva amewasha Sieve, lugha ya kuchuja barua iliyoelezwa kwenye RFC 5228 ya mwaka 2008, mambo yanakuwa mepesi kupita yote. Muulize fundi wako kama nyongeza ya mime, inayosoma sehemu za ndani za barua, inapatikana, kisha mpe hii:

```
require ["fileinto", "mime", "mailbox", "imap4flags"];

# kikao kilichofutwa kibaki inboksi na alama
if header :mime :anychild :param "method" :is "Content-Type" "CANCEL" {
    addflag "\\Flagged";
    keep;
}
# majibu ya waalikwa
elsif header :mime :anychild :param "method" :is "Content-Type" "REPLY" {
    fileinto :create "Majibu";
}
# mialiko yote iliyobaki
elsif header :mime :anychild :contenttype "Content-Type" "text/calendar" {
    fileinto :create "Mialiko";
}
```

Hapa hakuna neno la Kiingereza, Kijerumani wala Kitaliano linalotegemewa. Seva inasoma ile METHOD tuliyoiona mwanzo, na kikao kilichofutwa na Mpoland kitatambulika sawa sawa na kilichofutwa na jirani wa Mlandege.

Tahadhari moja kwa wanaopeleka barua za anwani ya ofisi kwenye Gmail binafsi. Mwaliko unabaki ni wa anwani ya ofisi. Ukiufungua ukiwa Gmail, mwalikwa aliyetajwa ndani ya faili si wewe, na kukubali kwako huenda kusihesabiwe kwa aliyekualika. Mialiko ya namna hiyo ijibiwe kutoka anwani ile ile iliyoalikwa, au umwombe mwenyeji akualike kwa anwani yako.

## Saa ambazo kichujio hakitakuonya

Hapa kwetu saa hazibadilishwi mwaka mzima. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakala wa London aliyeweka kikao cha kila wiki saa 10:00 ya kwao, kwetu kitakuwa saa 7 mchana wakati wa baridi yao, na saa 6 mchana wakati wa kiangazi chao.

Kwa upande wake kikao hakijabadilika hata kidogo, kwa hiyo hakuna barua ya mabadiliko itakayotumwa. Hakuna kichujio, nyota wala rangi nyekundu itakayokusaidia, ni kalenda yenyewe tu itakayoonyesha saa mpya, na ni mpaka uifungue. Wiki hizo mbili za mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, fungua kalenda na upitie kila kikao cha kujirudia. Angalia hasa cha Ijumaa: kikao kilichokaa vizuri kiangazi kizima saa 6 kitahamia saa 7 ifikapo Novemba, na hapo watu wako wako msikitini. Mwandikie wakala mapema akisogeze. Kwa Ramadhani fanya vivyo hivyo kabla mwezi haujaandama, kwa sababu saa za kazi za ofisi zako zitabadilika na yeye hana njia ya kujua.

## Mialiko ya matapeli

Tapeli akikuandikia barua, kichujio cha barua taka huenda kikamkamata. Akikutumia mwaliko, anataka uingie kwenye kalenda yako ukiwa na linki ndani yake, na utaendelea kukukumbusha hata baada ya barua kufutwa. Huja kwa sura ya malipo yaliyokwama, zawadi, au akaunti inayotaka kufungwa. Tukio kama hilo ukilikuta, usibonyeze kukataa. Kukataa ni kujibu, na jibu lako linamwambia kwamba anwani ina mtu. Lifungue kwenye Google Calendar ya kompyuta, tafuta chaguo la kuliripoti kuwa taka, na litaondoka. Kama yanakuja mara kwa mara, rudi kwenye lile swali la majibu matatu, bila shaka limebaki kwenye la kwanza.

Waeleze hili wafanyakazi wa zamu ya usiku kwa maneno, siyo kwa karatasi ya ukutani. Wao ndio wanaokuwa peke yao na kompyuta.

## Kujaribu kabla ya kuamini

Chukua akaunti ya pili, hata ya mwenzako, na uipitishe safari yote. Ialike anwani ya ofisi kwenye kikao cha kesho, uone barua imekwenda Mialiko na kikao kimeonekana kwenye kalenda kwa saa sahihi. Kisogeze kwa nusu saa, uone mabadiliko yamebaki inboksi. Kifute, uone taarifa imekuja na nyota. Kisha geuza: ofisi iitishe kikao, akaunti ya pili ikubali, na uone jibu limeangukia Majibu.

Hatua yoyote ikienda vibaya, fungua barua hiyo kwa kompyuta, bonyeza vidoti vitatu na uchague kuonyesha barua ya asili. Tafuta `text/calendar`. Ukiikuta pamoja na method yake, barua ni mwaliko halali na kosa liko kwenye maneno ya kichujio. Usipoikuta, mtumaji hakutuma mwaliko, ametuma linki ya Zoom ndani ya barua ya kawaida. Hiyo kichujio hakitaigusa, kalenda haitaijua, na kazi ya kuiandika kwenye kalenda ni yako kwa mkono.

Kwa mwezi wa kwanza lebo ya Mialiko ifunguliwe mara mbili kwa siku: asubuhi baada ya kujibu maulizo ya wageni, na tena kabla ya kufunga ofisi. Jukumu hilo liwe la mtu mmoja mwenye jina, na akienda likizo alikabidhi pamoja na funguo.